Gramu Tisini na Mbili

Tukuyu mwezi wa nne hatuanui nguo,
tunazihamisha tu:
kutoka kambani kwenda kitandani,
kutoka kitandani kwenda mwilini.

Mwalimu Mwakabungu aliandika ubaoni: MRADI.
Chini yake hakuandika kitu.
"Tatizo kwanza, nyundo baadaye.
Atakayeniletea mchoro kabla ya swali
nitamrudishia akafungie maandazi."

Benchi letu la nyuma, watu wanne:
Gwakisa, Lusajo, mimi Ambwene,
na Tupokigwe asiyesema.
Swali la nini? Jibu tulikuwa nalo tangu alfajiri,
linachuruzika ndani ya viatu.
Soksi.

Tukachora sanduku la mianzi, paa la nailoni,
la kunasa jua.
"Jua lipi?" akauliza Tupokigwe.
Tukacheka. Yeye hakuwa anatania.

Tukaazima mizani ya maabara.
Jioni, jozi moja: gramu tisini.
Asubuhi: gramu tisini na mbili.
Sanduku letu lilikuwa limezinywesha ukungu.

Lusajo akatafuta ufutio.
Mwalimu akamshika mkono.
"Iache hiyo namba.
Mpaka leo ndiyo kazi pekee mliyofanya."

Tukavuta bomba la moshi kutoka jikoni.
Hapo mashati yalikauka, tukapeana mikono,
hadi mkuu wa shule alipopita mstarini
akasimama, akanusa,
akauliza nani ameficha dagaa wa Matema.

"Mmewauliza watu wangapi?" mwalimu akasema.
"Tumejiuliza wenyewe."
"Nanyi ni wangapi?"
"Wavulana watatu," akajibu Tupokigwe,
kabla sisi hatujasema wanne.

Akachukua daftari. Siku mbili bwenini.
Akarudi na ukurasa usio na jina hata moja,
vijiti tu vya kalamu, vitano vitano:
thelathini na wanane kati ya arobaini na mmoja.

Vitambaa vya mwezi, akasema.
Vinaanikwa chini ya godoro, juu ya chaga, gizani,
kwa sababu kamba iko mbele ya madarasa
na kila anayepita ana macho.
Vinavaliwa vibichi.

Hakuinua sauti.
Mvua juu ya bati ilipungua,
au masikio yetu ndiyo yaliongezeka.
Gwakisa alikunja mchoro wa soksi,
akaukunja tena,
mpaka ukawa mdogo wa kuficha kiganjani.

Nyuma ya jiko kuna ukuta
ambao makande huupasha moto usiku kucha.
Tuliupima kwa shavu la Gwakisa,
saa nne, saa nane, saa kumi na moja;
akaingia darasani na masizi upande mmoja,
na hakuna aliyemcheka zaidi ya mara moja.

Mianzi ilitoka kwao Lusajo.
Fundi Anyosisye akatufundisha kuilaza
kama magamba ya samaki:
hewa ipite, jicho lisipite.
Visanduku ishirini, kila kimoja na mlango wake.

Tulidhani tumemaliza.
Tupokigwe akang'oa makomeo yote.
Akayarudishia. Akayang'oa tena.
"Komeo ni komeo," nikamwambia, nimechoka, nina njaa.
"Linalolia usiku si komeo, ni kengele."
Akakata ndala yake kuukuu,
akabandika kipande cha mpira kwenye kila ulimi wa chuma.

Kwenye maonyesho ya wilaya tulikuwa wa tatu,
nyuma ya mashine ya kutotolea vifaranga.
Jaji mmoja akapiga piga mianzi kwa kalamu:
"Na hiki kinakausha nini hasa?"
"Kinachohitaji kukauka," akasema Tupokigwe,
akamtazama mpaka akaandika alama.

Ile tisini na mbili bado imo daftarini,
haijafutwa.
Ya mwisho hatukuiandika; si yetu kuijua.

Ila zamu yangu ya kuteka maji ikiangukia usiku,
napita mbali na jiko, nasimama, nasikiliza.
Sisikii mtu akifungua.
Sisikii mtu akifunga.

Ndicho kipimo.